Mwanya wa Bi Biubwa

Mwanahalima Matano aliipata kamera kwa kutamani cherehani. Mwaka 1979 alikwenda kwenye maonyesho ya Saba Saba pamoja na wanawake wenzake wa shamba la kuku la Kibaha, alikokuwa akiokota mayai, na pale uwanjani wakakuta banda la bahati nasibu. Zawadi zilipangwa juu ya kitambaa chekundu: cherehani, baiskeli, redio, masufuria, na mwishoni kabisa kisanduku cheusi chenye jicho moja. Mwanahalima akakata tikiti macho yake yakiwa kwenye cherehani. Mumewe Salehe, aliyebaki nyumbani Maili Moja, yeye aliomba dua ya baiskeli, na kwa jinsi alivyokuwa na imani alikuwa ameshafagia kona ya kuiegesha. Jioni mkewe akarudi na kile kisanduku.

"Hiki kinaendeshwaje?" akauliza Salehe.

"Unakibonyeza tu."

"Halafu kinakupeleka wapi?"

Mwanahalima alikuwa ameshaanza kukigeuzageuza mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa miguu na wa maneno, na akipenda kitu haambiliki. Usiku ule cherehani ilikuwa imeshamtoka moyoni.

Kamera yenyewe haikutaka elimu. Haikuwa kama ile kubwa ya mpiga picha wa mjini, ya kupima hiki na kuzungusha kile. Hii unatumbukiza kikasha cha filamu, unamsimamisha mtu aangalie jua, unachungulia kwenye kidirisha, unabonyeza. Basi. Kabla ya picha inayofuata unasukuma kigurudumu kwa kidole gumba mpaka kigome kwenda. Yote hayo alijifunza kwa kutazama michoro ya kwenye karatasi iliyokuja nayo, na picha zake za kwanza zilitoka vizuri sana, ukiacha wawili watatu waliotoka bila vichwa.

Tangu hapo akienda kwao, kijiji kimoja nyuma ya vilima vya Kisarawe, hakai. Asubuhi mlango wa mama yake unajaa watu waliojipaka mafuta mpaka mapaji ya uso yanang'aa. Na hapo ndipo alipogundua jambo lililomkera kuliko yote. Watu walewale waliokuwa wakipiga soga na kuvunjana mbavu, wakisikia tu "tayari" wanageuka magogo. Mikono ubavuni, kidevu juu, macho yametoka, mdomo umebanwa. Ukizipanga picha zake za mwaka ule utadhani kijiji kizima kilikuwa msibani, tena msiba wa matajiri, maana kila mkono wa kushoto una saa. Saa ilikuwa moja tu, ya binamu yake Abdala, nayo ilikuwa haitembei. Abdala aliiazimisha kwa roho safi kwa kila aliyetaka kupigwa picha, kwa sharti kwamba mkono wa shati upandishwe ili saa ionekane, na kwamba yeye mwenyewe asimame karibu kuilinda.

Lakini gogo kuliko magogo yote alikuwa mama yake mzazi, Bi Biubwa. Hilo lilimuuma Mwanahalima, kwa sababu kuanzia Kisarawe mpaka Maneromango hapakuwa na mwanamke aliyejua kucheka kama Bi Biubwa. Alianza kwa kutikisika mabega bila sauti. Kisha kichwa kinarudi nyuma, mdomo unafunguka wote, na pale katikati ya meno ya juu unatokeza mwanya. Na mwanya wenyewe haukuwa wa kubahatisha. Ulikuwa mpana, umenyooka, mwanya wa kutamaniwa na wanawake wenzake, na inasemekana marehemu mzee Matano alipeleka posa kwa ajili yake kabla hajauliza binti mwenyewe anaitwa nani.

Vikongwe wa kijiji walisema mwanya ule na kicheko kile ni vya mama yake Bi Biubwa, marehemu Mwanakheri, aliyefariki miaka mingi kabla mtu yeyote kule hajapigwa picha. "Umemtoa mama yako vilevile," walimwambia. "Ukicheka tu, Mwanakheri huyo." Bi Biubwa aliwapa jibu lilelile siku zote: "Nyie ndio mnaona. Mimi sioni." Na kweli hakuona, maana kila alipojitazama kwenye kioo alijitazama amenuna, kama anamkagua mgeni.

"Mama, cheka kidogo," Mwanahalima alimwomba siku ya kwanza alipomsimamisha juani.

"Nicheke nini? Picha ni kitu cha kutundikwa ukutani. Nikicheka ukutani, wageni wakiingia si watadhani nawacheka wao?"

Akaufunga uso, picha ikapigwa, ikatundikwa. Ukiingia sebuleni mwake ilikuwa inakutazama kana kwamba umekuja kukopa chumvi na ile ya juzi hujarudisha.

Basi Mwanahalima akaanza kuvizia. Alijificha kwenye migomba mama yake akitwanga na majirani. Alichungulia dirishani mama yake akisukwa nywele. Lakini kamera ile haikujua kuvuta watu wa mbali. Ukisimama nyuma kidogo mtu anatoka mdogo kama punje ya mchele. Ilibidi kusogea, na Bi Biubwa alikuwa na macho. Akiliona tu lile jicho la kioo, kicheko kinakatika na ukingo wa kanga unafika mdomoni.

"Mwanahalima, toka huko kwenye migomba, siafu watakuuma."

Na siafu walikuwa wameshamuuma.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, alikwenda kwao akamkuta mama yake amefungwa kitambaa shavuni. Ni meno mawili ya mbele, yaleyale yaliyoushika mwanya kulia na kushoto. Moja lilikuwa limetoboka, la pili linacheza. Daktari alikuwa ameshasema neno lake: Jumatatu yang'olewe yote mawili.

"Yamenitumikia vizuri," akasema Bi Biubwa, bila hata kuhuzunika. "Sasa yaende."

Aliyehuzunika ni Mwanahalima. Alikaa kwenye mkeka akimtazama mama yake anavyoongea na ule mwanya unavyoonekana na kupotea, akaona kabisa kwamba Jumatatu utaondoka na hautarudi. Wajukuu watakuja kuambiwa habari zake kama yeye alivyoambiwa za bibi Mwanakheri: alikuwa hivi, alikuwa vile, na wewe unaitikia kwa adabu tu huku huoni kitu. Roho ilimuuma. Na filamu nyingine hapakuwa na pa kuipata. Mwaka huo hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Ukimuuliza mwenye duka mjini habari za filamu anakuonea huruma. Ndani ya kamera zilibaki picha tatu, alizokuwa amezibana tangu Idi.

Kheri yake ni kwamba Jumamosi, siku mbili kabla ya kung'olewa meno, kulikuwa na shughuli. Kaka yake Kitwana alikuwa anamtoa binti yake, Mwanamvua, aliyekuwa mwali ndani kwa muda mrefu, na bibi wa mwali ni Bi Biubwa mwenyewe. Mwenye shughuli yake siku hiyo asipocheka, atacheka lini? Tena kutakuwa na ngoma, vumbi na watu. Nani atamwona mtu mwenye kisanduku? Mwanahalima akapanga: picha moja ya mwali, kama alivyomwahidi wifi yake, na mbili za mwanya.

Jumamosi ikafika na jua lake. Masufuria ya wali yalikuwa jikoni tangu alfajiri, ngoma zikaoteshwa moto mpaka ngozi zikakaza, na kina mama wakaanza vigelegele kabla hata hakijatokea cha kupigiwa vigelegele. Mwali akatolewa amebebwa mabegani, uso chini, kapambwa shanga, anang'aa. Mwanahalima akajipenyeza mpaka mbele, akainua kamera.

Kosa. Wapiga ngoma wakaiona. Mikono ikaganda hewani, videvu vikapanda. Wachezaji wakasimama wima. Aliyembeba mwali akanyooka ghafla mpaka mwali akamshika kichwa asianguke. Uwanja mzima ukanyamaza, watu wote wakamkodolea macho Mwanahalima, na mmoja akasikika akinong'ona, "Abdala, saa!"

"Pigeni ngoma nyie!" Bi Biubwa akafoka. "Mnamtoa mwali au mnamzika?"

Mwanahalima alikuwa ameshabonyeza. Picha ya kwanza ikaenda, na magogo yake yote.

Ngoma ikaanza upya, safari hii kwa ghadhabu, na Bi Biubwa akaingia uwanjani na kitambaa chake shavuni. Alicheza. Mzee yule, na meno yake mabovu, alicheza mpaka vijana wakampisha. Mtu mmoja akamrushia maneno ya mzaha, mabega yakaanza kutikisika. Mwanahalima akaona kabisa: kinakuja. Akapita chini ya kwapa la huyu, akasukuma mgongo wa yule, akafika hatua chache tu mbele ya mama yake. Kichwa kikarudi nyuma. Akabonyeza. Na katika nukta hiyohiyo mbele ya jicho la kamera ukapita mkono wenye saa, umepandishwa shati mpaka kiwiko.

"Imeingia?" akauliza Abdala.

Mwanahalima alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mbuzi aliyekula kanga yake. Akasukuma kigurudumu; ikabaki picha moja.

Ndipo alipofika Eugenia. Huyu alikuwa mke wa mzee mmoja wa Kinyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge na asirudi kwao, na kwa kuwa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, Eugenia alikuwa mtani wa kijiji kizima. Mtani haalikwi, anafika. Akichukua kitu chako kwenye shughuli, kimekuwa chake mpaka ukikomboe, na ukikasirika aibu ni yako. Siku hiyo Eugenia alikuwa ameshakalia kiti cha bibi wa mwali, ameshaonja wali kwa upawa na kusema hauna chumvi, na ameshadai kwamba mwali ni mzuri kwa sababu kafanana na yeye.

"Nyie watu wa ngoma," akapaza sauti, "hata jembe mngelipiga kama lingekuwa na ngozi!"

"Nyamaza, mbeba mizigo!" akajibiwa. "Mmetoka Tabora kwa miguu, mpaka leo hamjapumzika!"

Watu wakaangua kicheko. Eugenia akageuka, macho yake yakatua kwenye kile kisanduku kilichoning'inia mkononi mwa Mwanahalima. Kabla Mwanahalima hajajua linalotokea, hana kitu mkononi.

"Nimekikamata!" Eugenia akakiinua juu. "Mchawi mwenyewe ni huyu hapa! Ndiye anayewageuza Wazaramo magogo! Nataka kikomboleo: kuku jike, tena anayetaga!"

"Mtani, nakuomba." Mwanahalima akanyoosha mkono. "Kimebakiwa na picha moja tu, nina kazi nayo."

"Moja? Basi hiyo ndiyo yangu."

Akatoka mbio. Mwanahalima naye akatoka mbio nyuma yake. Wakazunguka ngoma mara kadhaa, Eugenia na unene wake wote akikwepa kama kuku anayejua ni sikukuu, na Mwanahalima, mama mzima na watoto wake, mikono mbele, kanga ya juu imemtoka, ndara moja imeruka na kuangukia kwenye sinia la wali la wazee. Watu wakawa hoi. Wapiga ngoma wakaacha ngoma wakashika matumbo. Na nyuma ya mgongo wake Mwanahalima akasikia kicheko anachokijua tangu yuko mgongoni, kile kinachoanza kimya halafu kinapanda, kimepanda mpaka mwisho kuliko siku yoyote. Akajua kwamba mama yake kule nyuma amerudisha kichwa na mwanya uko wazi mchana kweupe. Na kamera iko mbele, kwa mtu asiyejua kichwa chake wala miguu.

Eugenia akageuka, akawa anarudi kinyumenyume, kamera kaibana kifuani kwa mikono yote miwili, vidole kila mahali.

Ikalia: ta!

"Ih! Kimenipigia ulimi!" akasema Eugenia, akashtuka, akakirudisha mwenyewe.

Mwanahalima alicheka, kwa sababu ilibidi acheke. Alimwambia Eugenia kwamba kikomboleo hapati, hata unyoya, na watu wakashangilia, maana ndivyo mtani anavyojibiwa. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akalia.

Bi Biubwa akamfuata, anahema, bado anafuta macho kwa kicheko. "Unalia nini? Kisanduku si umerudishiwa?"

Mwanahalima akamwambia yote: Jumatatu, mwanya, picha tatu, mkono wa Abdala.

"Kumbe muda wote huu ulikuwa unatafuta meno yangu?" Bi Biubwa akakaa chini kando ya kinu. "Si ungesema, mwanangu. Jumatatu nitakuletea mkononi."

Mwanahalima akacheka huku analia, ikawa fujo tupu.

Jumatatu meno yakang'olewa. Na likatokea jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: kicheko nacho kikaenda. Bi Biubwa, aliyeyaaga meno kwa moyo mkunjufu, hakuwa amejua jinsi pengo linavyojihisi mtu anapopitisha ulimi. Akaanza kuongea na ukingo wa kanga mdomoni. Watu wakitania, anatikisa kichwa tu. Mwanahalima alikuja Ijumaa moja akakaa na mama yake kutwa nzima, wakapita watani na majirani, hakusikia kicheko hata mara moja. Alirudi Maili Moja amenyong'onyea, mpaka Salehe akaacha kumtania habari za baiskeli.

Picha zilikuwa tayari baada ya majuma kadhaa. Mwanahalima alikwenda kuzichukua Dar es Salaam bila hamu, akafungua bahasha palepale kwenye kaunta. Watu wa Idi, wima. Mwali na magogo yake. Mkono wa Abdala, mkubwa, safi, saa inasomeka. Akaifikia ya mwisho.

Ilikuwa imepinda kama ukuta wa udongo baada ya masika, na kona moja imezibwa na kidole cha Eugenia. Katikati alikuwepo mwanamke mmoja anakuja mbio, mdomo wazi, mikono mbele, mguu mmoja peku, kanga inaburuta, na ilimchukua Mwanahalima muda kidogo kutambua kwamba ni yeye. Katika picha zote alizopiga mwaka mzima, hakuwahi kuwemo. Na nyuma ya bega lake, katikati ya ngoma mbili, hana habari na kamera wala na dunia, alikuwepo Bi Biubwa. Kitambaa kimeteleza shingoni. Macho amefumba. Kichwa kiko nyuma, mdomo umefunguka wote, na mwanya uko pale, ungeweza kupitisha njiti ya kiberiti.

Mwanahalima akapiga kigelegele dukani.

Mwenye duka akaja mbio. "Kuna iliyoharibika, mama?"

"Hakuna, baba. Hakuna hata moja."

Hakurudi Maili Moja. Alikwenda moja kwa moja Kisarawe, akamkuta mama yake barazani anachambua kunde.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," ikatoka nyuma ya kanga.

Akampa ile picha bila neno. Bi Biubwa akaishika mbali, akaisogeza karibu, akaishika mbali tena. Kunde zikammwagika miguuni asizitazame.

"Amefika lini huyu?" akauliza hatimaye, polepole.

"Ni wewe, mama. Siku ya mwali."

"Najua ni mimi. Kanga yangu naijua." Kidole chake kikapita juu ya ule uso, juu ya mwanya. "Lakini huyu ni mama yangu. Huyu ni Mwanakheri, mwanangu. Miaka yote hii najaribu kuukumbuka uso wake, naipata sauti yake, naupata mkono wake, uso siupati. Wananiambia, ukicheka ndiye. Mimi nitajionaje nikicheka?"

Akaikumbatia ile picha kifuani, na mabega yakaanza kutikisika. Mwanahalima akamshika, akijua analia, na kweli machozi yalikuwepo. Lakini mabega yakazidi kutikisika, na yalitikisika kwa namna anayoijua. Ukingo wa kanga ukadondoka. Kichwa kikarudi nyuma, mdomo ukafunguka wote, na pale palipokuwa na mwanya palikuwa na mlango mzima, na kicheko kikapita kwa nafasi. Mwanahalima akacheka naye mpaka jirani akatoka nje kuuliza kuna nini.

Walipotulia, Bi Biubwa akaingia sebuleni, akaiondoa ukutani ile picha yake ya kununa, akaweka hii, imepinda, na kidole cha Eugenia.

"Wageni je?" akauliza Mwanahalima. "Hawatadhani unawacheka?"

"Nitakuwa nawacheka kweli." Akarudi nyuma hatua moja kuitazama vizuri. "Sasa nenda bandani, mkamate yule mwekundu anayetaga. Mpelekee Eugenia. Mwambie ni mwizi, kaniibia meno yangu, na nyumbani kwangu asikanyage mpaka kesho asubuhi."

Mwanahalima akaiweka kamera juu ya mkeka, akaenda kumkamata kuku.